Kati ya Picha ya Pili na ya Tatu

Mwalimu Phanuel hakuwa mtu wa kuingia mahali bila kubisha, hata mlango ukiwa wazi. Jumatano hiyo alibisha mara tatu katika ofisi alimofanyia kazi mjukuu wake Rachael mjini Kakamega, akangoja aitikiwe, akavua kofia, ndipo akavuka kizingiti. Aliketi kwenye kiti cha wageni, mgongo umenyooka kana kwamba mkaguzi wa shule alikuwa amesimama nyuma yake, akatoa bahasha ya kaki na kupanga mezani picha nne kutoka kushoto kwenda kulia.

"Huu ndio ushahidi wote uliopo," alisema. "Wengine wana midomo tu."

Rachael hakuhitaji kuelezwa. Tangu Jumamosi hapakuwa na habari nyingine, sokoni wala kanisani. Radi, fahali mweusi wa babu yake, alikuwa amekutana na Posta, fahali wa Mzee Sylvanus mwenye kinu cha kusaga mahindi, katika uwanja wa Isukha, umande ukiwa bado majanini. Walisukumana kwa muda mrefu, pembe kwa pembe, hakuna aliyerudi nyuma hata hatua. Ghafla Radi akainua mguu wa nyuma, akageuka, akakimbia hadi kwenye shamba la miwa. Fahali aliyegeuka ameshindwa. Hiyo ndiyo sheria ya uwanja na haina kifungu cha pili. Lakini kabla wapigaji isukuti wa Posta hawajaanza ngoma ya ushindi, sauti ilipazwa upande wa pili kwamba Khisa, mtunzaji wa Posta, alikuwa amempiga Radi mguuni kwa fimbo.

Mtunzaji anaruhusiwa kushika fimbo. Anaruhusiwa kuiinua, kuitikisa hewani, na kumwita fahali wake kwa kila jina la sifa analolijua. Kumgusa fahali wa mwenzake kwa fimbo hiyo ni haramu.

Tangu siku hiyo mabati ya kinu cha Sylvanus yalikuwa yamepigwa mawe mara mbili, na vijana wawili walikuwa wamelazwa hospitalini. Vijana wa upande wa Radi walikuwa wameapa hadharani kwamba hatia ikithibitishwa, Khisa hataondoka Isukha akiwa na mikono yake miwili mizima. Khisa alikuwa mtu wa Chekalini, kule Lugari, aliyeajiriwa kwa sababu ya ustadi wake na ng'ombe. Hakuwa na mjomba wala ndugu hapa wa kusimama naye.

Picha zilikuwa zimepigwa na Titus, yule mpiga picha anayezunguka na kamera shingoni siku za harusi na mahafali. Katika ya kwanza, fahali walikuwa wamefungana pembe. Katika ya pili, Khisa alikuwa nyuma ya Radi, fimbo juu ya bega lake. Katika ya tatu, ncha ya fimbo ilikuwa chini majanini, karibu na kwato ya nyuma ya Radi, na kwato hiyo ilikuwa imeinuka. Katika ya nne Radi alikuwa amekwisha kuonyesha mkia. Mguu wake ulikuwa na mchubuko, ndiyo, lakini fahali aliyesukumwa juu ya mawe hupata michubuko mingi.

"Nimewaona wale mbu wako wa katuni wakiruka kwenye televisheni ya zahanati," alisema Mwalimu Phanuel. "Watu wote pale walikuwa kimya wakitazama. Nikamwambia muuguzi, huyo aliyewatengeneza ni mjukuu wangu." Alisema hivyo akiitazama kofia yake, kwani hakuwa na mazoea ya kumsifu mtu usoni. "Je, unaweza kuwafanya fahali hawa watembee, kutoka picha ya kwanza hadi ya nne?"

"Naweza, Babu."

"Vizuri. Wazee wamekubaliana. Niliwaambia kwamba kompyuta haina ukoo. Haina shemeji, na hakuna aliyepata kuikaribisha chai. Hata Sylvanus amekubali. Itakaloonyesha ndilo tutakalolifuata."

Hapo ndipo Rachael alipopaswa kusema neno. Neno lenyewe alikuwa nalo, lilikuwa ndilo somo la kwanza alilofundishwa chuoni Nairobi. Lakini katika miaka ishirini na minne ya maisha yake, babu yake hakuwahi kumwomba jambo lolote. Alikuwa akimwagiza tu. Sasa alikuwa ameketi mbele yake, kofia mapajani, anaomba.

"Nipe siku mbili," alisema.

Kazi hiyo aliifanya mchana, saa ambazo ofisi haikuwa na wateja wa kuchapiwa barua. Alizipitisha picha kwenye skana, kisha akaanza kukata. Alimtoa kila fahali kwenye majani yake, polepole, kwa ncha ya kipanya, akifuata mgongo, nundu na pembe. Radi akawa kijipicha cha peke yake, na Posta vilevile. Khisa akamkata mbali na fimbo yake, ili mkono uweze kusogea bila kiwiliwili kusogea. Mguu wa nyuma wa Radi nao akaukata kando, akaufunga kwenye paja kwa alama ndogo, mithili ya bawaba ya mlango.

Programu aliyoitumia haikumtaka mtu achore kila mwendo. Ilitaka kuambiwa mambo mawili: mwanzoni kijipicha kiko wapi, na mwishoni kiko wapi. Mahali palipotiwa alama hiyo paliitwa fremu kuu. Kujaza nafasi iliyo kati ya fremu kuu moja na nyingine ilikuwa kazi ya mashine. Hivyo ndivyo walivyoruka mbu wake wa zahanati: fremu kuu moja juu ya dimbwi, nyingine juu ya chandarua, na safari nzima ya katikati ikatungwa na mashine.

Basi picha nne za Titus zikawa fremu kuu nne. Titus alikuwa amemwambia kwamba kila baada ya kupiga picha alivuta filamu na kulenga upya, muda wa sekunde tatu hivi. Rachael alihesabu, kwa picha kumi na mbili kila sekunde: kati ya picha ya pili na ya tatu mashine ingejaza picha thelathini na tano. Akabonyeza.

Fimbo ilishuka kutoka begani mwa Khisa hadi majanini. Ilishuka kwa mstari ulionyooka, kwa mwendo usiobadilika, na katikati ya safari yake ikapita juu ya mguu wa Radi.

Rachael alisogeza kiti nyuma. Akairudia mara ya pili, na ya tatu. Nimemwona, alijiambia, kwa neno hilohilo.

Kulikuwa na kasoro moja tu. Mguu wa Radi ulianza kuinuka mapema mno, kabla fimbo haijaufikia, kwa sababu mashine ilikuwa imeugawia mguu mwendo wake sawasawa tangu mwanzo. Jicho lilikataa. Mtu yeyote angesema mguu uliinuka wenyewe. Rachael akafanya kile ambacho fundi yeyote wa kazi hiyo hukifanya bila kufikiri mara mbili: akaongeza fremu kuu ya mguu, akaucheleweshea mwendo, ili uinuke pale fimbo inapogusa. Akabonyeza tena. Sasa kila kitu kilikubaliana. Fimbo iligusa, mguu ukaruka, Radi akageuka. Ilikuwa kazi safi kuliko zote alizopata kufanya.

Ijumaa adhuhuri, mtu alisimama mlangoni. Alikuwa mrefu, wa miaka thelathini hivi, amevaa koti lililopauka mabegani, na mikononi hakuwa na kitu. Rachael alimtambua kabla hajajitaja, kwa kuwa alikuwa ameshinda siku mbili na umbo lake, amemkata kiungo kwa kiungo.

"Mulembe, dada."

"Mulembe. Karibu ndani."

"Hapana, nitasimama hapa. Nikionekana ndani watasema nimekuja kukulisha kitu." Aliichungulia kompyuta kwa mbali, kama mtu anavyomchungulia mbwa asiyemjua. "Mimi ni Khisa. Nina swali moja tu. Hiyo mashine, siku ile, ilikuwa imesimama upande gani?"

"Upande gani wa nini?"

"Wa uwanja. Kwa sababu walionisema walikuwa upande wa miwa, na kutoka kwa miwa ungeona mgongo wangu peke yake. Kama mashine ilikuwa upande wa barabara, basi iko sawa, niko tayari. Ilikuwa wapi?"

Rachael alishika kipanya, akakiachia.

"Nimeuliza kwa heshima," alisema Khisa. "Mzee Sylvanus anasema nitulie, mashine haipendelei mtu. Nami ninamwambia, sawa, lakini hata refa asiyependelea lazima asimame mahali."

"Nimeagizwa nisimwonyeshe mtu kabla ya kesho."

"Sikuombi unionyeshe. Nimeuliza ilikosimama."

Alipoona hajibiwi, aliinamisha kichwa kwa adabu akaenda zake. Rachael alibaki akiitazama skrini. Alijiambia kwamba mwenye hatia hutafuta maneno. Alijiambia hivyo mara kadhaa alasiri ile.

Jumamosi, saa tisa, wazee walifika. Walikuwa saba, wakiongozwa na Mzee Lazarus, mwenyekiti wa kamati ya uwanja, mtu mfupi mwenye sauti nzito ambaye hakuwa na fahali na kwa hiyo aliaminiwa na wote. Viti havikutosha, wawili wakakalia masanduku ya karatasi. Khisa alisimama karibu na ukuta, mikono nyuma. Nje, ua ulikuwa umejaa. Upande wa kushoto wa lango walikuwa watu wa Posta na upande wa kulia watu wa Radi, na katikati yao nafasi ya hatua tatu ambayo hakuna aliyethubutu kuikanyaga. Wengi walikuwa na fimbo. Dirisha la ofisi lilikuwa na nondo, na nyuso zilikuwa zimejibana kwenye nondo hizo hadi mwanga ukapungua chumbani.

"Mwalimu," alisema Sylvanus, ambaye zamani alikuwa mwanafunzi wa Phanuel na hakusahau, "leo utanichapa tena kama darasa la nne?"

"Darasa la nne ulistahili."

"Nilistahili, sikatai. Lakini huyu Radi wako, angeitwa Manyunyu. Radi gani hukimbilia shamba la miwa?"

"Na wako aitwe nani? Anakula molasi kuliko watoto wa boma lako wanavyokula ugali."

Wazee walicheka, kicheko kifupi cha watu wanaotaka jambo liishe. Lazarus alipiga meza kwa kiganja.

"Mwanangu, tuonyeshe."

Rachael alibonyeza. Fahali walikutana pembe kwa pembe, wakasukumana, wakatikisika kidogo kama vikaragosi, na mzee mmoja akanong'ona kwa mshangao kwamba nundu ya Posta ni yenyewe hasa. Kisha fimbo ikashuka. Ikagusa. Mguu ukaruka. Radi akageuka.

"Rudia," alisema Lazarus.

Aliirudia. Mara hii, fimbo ilipogusa, sauti ilitoka dirishani: "Amempiga. Mashine imeona, amempiga." Neno hilo lilipokewa nyuma, likapokewa tena, na Rachael akalisikia likisafiri hadi langoni na kurudi likiwa kubwa. Ua wa mabati ulianza kutikiswa. Mtu fulani aliita jina la Khisa, kwa utaratibu, kama anayeita ng'ombe.

Sylvanus hakuwa akitabasamu tena. Alimgeukia mtunzaji wake. "Kijana, uliniambia nini?"

"Nilikuambia sikumgusa, Mzee."

"Na hii je?"

Khisa aliitazama skrini. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu anayejaribu kukumbuka. "Sijui," alisema. "Labda… Mimi niliinua fimbo, nikateleza, nikaishusha nijizuie nisianguke. Hivyo ndivyo ninavyojua. Lakini kama imeona…" Alikuwa ameanza kuiamini mashine kuliko mwili wake mwenyewe.

Hilo ndilo lililomvunja Rachael. Alimtazama babu yake. Mwalimu Phanuel alikuwa ameketi wima, mikono juu ya mpini wa mkongojo, na usoni mwake kulikuwa na nuru ambayo mjukuu hakuwahi kuiona. Hakuwa akimtazama Khisa wala Sylvanus. Alikuwa akimtazama yeye. "Mjukuu wangu," alimwambia mzee aliyeketi kando yake, taratibu, kana kwamba mwenzake hakujua.

"Kamati haina la kujadili zaidi," alisema Lazarus akianza kuinuka. "Nitatoka niwaambie."

"Mzee Lazarus, sijamaliza," alisema Rachael.

Hakungoja kuruhusiwa. Alikwenda kwenye nafasi iliyo kati ya picha ya pili na ya tatu, akaongeza fremu kuu moja, akaivuta fimbo nyuma ya mguu, upana wa kiganja tu. Kisha akaifuta ile alama aliyoiongeza kwenye mguu siku ya Alhamisi. Akabonyeza.

Mguu wa Radi uliinuka wenyewe. Fimbo ikashuka nyuma yake bila kuugusa, ikatua majanini. Radi akageuka. Picha ya pili ilikuwa ileile ya Titus, na ya tatu ileile.

"Unatuchezea?" aliuliza mzee aliyekalia sanduku.

"Ipi ndiyo ya kweli?" aliuliza Lazarus.

"Hakuna, Mzee. Za kweli ni zile nne."

Mkongojo wa Mwalimu Phanuel uligonga sakafu mara moja. Alipozungumza, alizungumza kama alivyozungumza na wanafunzi wa mtihani wa mwisho, kila swali likiwa na mlango mmoja tu wa kutokea.

"Picha ya pili ilipigwa na Titus?"

"Ndiyo, Babu."

"Na ya tatu?"

"Ndiyo, Babu."

"Zilizo kati yake zilipigwa na nani?"

"Hazikupigwa. Zilijazwa na mashine."

"Mashine ilizipata wapi?"

"Ilipima umbali kutoka fimbo ilipokuwa hadi ilipofika, ikaugawanya sawasawa. Haijui kama kuna mguu njiani. Haijui hata kama hiyo ni fimbo."

"Kwa hiyo haikuona."

"Haikuona."

"Na mguu? Mara ya kwanza uliinuka fimbo ilipogusa. Mara ya pili umeinuka kabla. Huo nao ni ugawaji wa mashine?"

Rachael alijua kwamba angeweza kujibu ndiyo, na kwamba hakuna mtu katika chumba hicho angeweza kumkanusha. "Hapana," alisema. "Ule wa kwanza niliusogeza mimi."

"Kwa nini?"

"Haukupendeza."

Mzee mmoja alisonya. Sylvanus aliinamisha kichwa. Ile nuru iliyokuwa usoni mwa babu ilikuwa imezimika, na mahali pake pamebaki uso ambao Rachael aliufahamu, uso mkavu wa siku za Jumatatu.

"Nilipokuja Jumatano," alisema, "ulijua kwamba mashine hii hujaza isichokiona?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

Alitafuta jibu lenye heshima, akalikosa, akasema lililokuwepo. "Nilifurahi kwamba umeniomba."

Mwalimu Phanuel alivaa kofia yake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya ndani ya nyumba, akasimama.

"Lazarus, fahali aliyegeuka amefanya nini?"

"Ameshindwa, Mwalimu. Isipokuwa ikithibitika kwamba…"

"Imethibitika?"

Lazarus aliwatazama wenzake. "Haijathibitika."

"Basi Radi ameshindwa." Alimpa Sylvanus mkono. Sylvanus aliupokea kwa mikono miwili, ameinama, na hakupata neno la utani. "Nitawaambia mimi mwenyewe. Ni watoto wangu."

Alifungua mlango. Kelele ziliingia kama maji. Rachael alimfuata hadi kizingitini na kuona kwamba ile nafasi ya hatua tatu katikati ya ua haikuwepo tena. Vijana wa Radi walikuwa wameijaza, na wa mbele alikuwa mjukuu wa ndugu yake Mwalimu, jasho likimchirizika, fimbo mkononi.

"Babu, mtoe," kijana huyo alisema. "Tumesikia mashine imemwona."

"Mashine haikuwa uwanjani. Mimi nilikuwa uwanjani, na sikuona. Wewe uliona?"

"Watu waliona."

"Nimekuuliza wewe."

Mwalimu Phanuel alipaza sauti, si kwa hasira, bali kwa ile sauti iliyopata kufika mwisho wa uwanja wa gwaride. Alisema kwamba Radi aligeuka, na kwamba yeye mwenye Radi amekubali kushindwa, na kwamba atakayeinua fimbo kwa ajili ya fahali asiye wake atakuwa ameiinua juu ya mwenye fahali. Kishindo cha manung'uniko kilipita. Mtu wa nyuma alisema mzee ameuza ushindi. Mwalimu alisikia, Rachael akaona shingo yake ikikakamaa, lakini hakugeuka kumtafuta aliyesema.

Badala yake alirudi ndani, akamshika Khisa kifundo cha mkono kama anavyoshikwa mwanafunzi anayepelekwa ofisini, akatoka naye.

Walipita katikati. Rachael aliwafuata hatua mbili nyuma, kwa sababu hakuona mahali pengine panapomstahili. Fimbo zilikuwa kila upande, karibu kiasi cha kusikia harufu ya maganda yake. Babu yake hakuharakisha. Aliwaita vijana mmojammoja kwa majina ya baba zao, akiwaomba wampishe, na kila aliyeitwa alisogea, kwa kuwa ni vigumu kumpiga mtu wakati jina la baba yako limetajwa kwa adabu. Jiwe moja lilirushwa kutoka mbali. Lilimpata Khisa begani. Khisa alijikunja, na Mwalimu akamvuta karibu zaidi, akabadilisha upande, yeye akawa kwenye upande uliotoka jiwe. La pili halikurushwa.

Walipofika kwenye barabara ya lami, njia ya stendi ya magari ya Lugari, umati ulikuwa umebaki nyuma, ukifuata kwa mbali bila kuamua. Hapo Khisa aliongea kwa mara ya kwanza.

"Mzee, asante kwa kuniamini."

"Sikuamini hata kidogo," alisema Mwalimu Phanuel. "Nafikiri ulimpiga. Namjua Radi, hageuki bure."

Khisa alisimama. Mwalimu akamvuta.

"Tembea. Ninafikiri, lakini sikuona, na kufikiri kwangu si ushahidi. Tembea karibu nami."

Walitembea hadi stendi. Khisa alipanda gari la Lugari, akaketi dirishani, akawatazama wote wawili. Huenda alitaka kuwaambia kitu. Gari liliondoka na Rachael hakupata kujua ni nini, wala hakupata kujua, siku ile au baadaye, kama fimbo iligusa.

Babu yake alitoa kitambaa akajifuta uso. Kwa jua lile la alasiri alionekana mzee kuliko alipowasili.

"Kesho nitampeleka Sylvanus salamu za kushindwa nyumbani kwake, mbele ya wapiga ngoma wake, kama inavyopasa," alisema. "Na wewe utarudi ofisini. Zile picha thelathini na tano zifute."

"Nitazifuta, Babu."

"Kisha utaandika barua kwa kamati. Kwa mkono, si kwa mashine. Ueleze ulichokifanya. Usieleze kwa nini. Hilo umeniambia mimi na linatosha."

Alivuka barabara bila kumngoja aseme ndiyo.

Rachael alirudi. Ua ulikuwa mtupu, umejaa nyayo na maganda ya miwa, na bati moja lilikuwa limeng'oka. Alifuta picha thelathini na tano, akasubiri hadi mashine ilipokubali kwamba hazipo. Kisha akachukua karatasi yenye mistari na kalamu. Alianza kwa kueleza kazi ya fremu kuu, akakata. Alianza kwa kueleza jinsi jicho la mtazamaji linavyokataa mwendo usiolingana, akakata. Akageuza karatasi upande wa pili na kuandika: "Mimi ndiye niliyeusogeza mguu wa Radi."

Aliisoma sentensi hiyo mara mbili, akaona haihitaji nyingine, akatia sahihi.